Kidari, Kofia-bluu na Vijiko: shajara ya ndege wa bustani zetu, Sheffield

Jumamosi, 16 Novemba

Leo tumeanza. Mradi wenyewe ni huu: kufikia mwisho wa majira ya baridi, watoto wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi wawe na daftari moja la ndege wanaotua kwenye bustani za nyumba zao, kila ndege na mchoro wake na jina lake la Kiswahili. Watoto ni kumi na mmoja. Wazazi wao wametoka Tanga, Mombasa, Goma na Bujumbura. Wao wenyewe karibu wote wamezaliwa hapahapa Sheffield.

Chanzo ni binti yangu. Wiki iliyopita alisimama dirishani jikoni akauliza, "Mama, yule anaitwaje?" Nikamjibu, "Ndege." Akasema, "Najua ni ndege. Anaitwaje?" Sikuwa na jibu. Nimekaa mji huu miaka tisa, namwona ndege yule kila asubuhi nikiosha vyombo, kifua chake kimeiva kama embe dodo lililopigwa na jua, na kwa lugha ninayoota nayo sikuwa na la kumwita. Iliniuma. Nilipokuwa na umri wa binti yangu niliwajua ndege wote wa mpungani kwetu Mombo, maana kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuwaamia, kombeo mkono mmoja na debe bovu mkono wa pili. Anayekula mpunga wako utamjua tu.

Vifaa vya leo, vya kuwawekea ndege chakula ili waje: stendi moja ya chuma, vyombo viwili vya kuning'iniza, kilo tano za mbegu mchanganyiko, daftari kubwa la kuchorea, kalamu za rangi.

Jumapili, 1 Desemba

Wiki mbili, na waliokuja ni njiwa tu. Wakubwa wale wa kijivu wenye alama nyeupe shingoni, wanatembea chini ya stendi kama wenye shamba.

Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na moja, alinitazama juu ya ukuta wa mawe siku kadhaa bila kusema neno, leo akaniita. Wazee wa Sheffield humwita kila mtu "love", awe mwanamke, mwanamume au dereva wa basi, na ndivyo alivyoniita. Akatia mkono kwenye mfuko wangu wa mbegu, akazimimina kiganjani, akaanza kuzitenga kwa kidole. Zaidi ya nusu ilikuwa ngano. "Hiyo ni ya njiwa," akasema. Wadogo wanataka mafuta: alizeti iliyokobolewa, karanga ndani ya wavu wa waya, shahamu ya ng'ombe. Akanionyesha pia kwamba stendi nimeiweka vibaya, hatua moja kutoka kwenye kichaka anapojificha paka. Tumeihamisha mita mbili, mahali ambapo ndege anaona pande zote na bado ana mti wa kukimbilia.

Nieleze bustani ilivyo, kwa sababu bila hivyo mengine hayataeleweka. Mji huu umejengwa juu ya vilima, na mito mitano imepita katikati yake: Don, Sheaf, Porter, Loxley na Rivelin. Bustani yetu imekatwa matuta matatu kama shamba la Lushoto, kila tuta limezuiwa na ukuta wa mawe, na kutoka mlango wa jikoni mpaka juu ni ngazi kumi na nane. Chini kabisa mji uko kama mita 10 tu juu ya usawa wa bahari, na kule magharibi kwenye nyika unapita mita 500. Kwa hiyo mvua ikinyesha stesheni, huku juu inaweza kuwa theluji. Aliyewahi kupanda basi Mombo akiwa na shati, akashuka Lushoto akitafuta sweta, hahitaji maelezo.

Na bustani ni nyingi. Watafiti wa chuo kikuu cha hapa walizikadiria kuwa karibu 175,000, nazo zinachukua kama robo ya eneo lenye majengo. Nyingi ni ndogo kama yetu. Ukiziunganisha ni msitu.

Jumamosi, 14 Desemba

Darasani tumeweka utaratibu wa majina. Ndege ambaye Kiswahili kina jina lake tayari, tunalitumia: shomoro, kwezi, kunguru, njiwa, kozi. Asiye na jina, tunamtazama mwili na mwenendo, kisha tunasema tulichoona. Hakuna kutafsiri jina la Kiingereza neno kwa neno. Huyu wa dirishani kwetu amepita bila kupingwa: Kidari. Mama mmoja wa Mombasa ndiye aliyetoa neno, akieleza kwamba kidari ni kifua cha ndege, na huyu ni kifua kitupu chenye miguu.

Nimfuate Kidari kidogo. Nafanya kazi za zamu za usiku, narudi nyumbani saa kumi alfajiri, na mara nyingi nimemsikia akiimba chini ya taa ya barabarani, gizani, baridi ikiuma. Nilidhani taa inamdanganya. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walichapisha utafiti waliofanya kwenye mji huuhuu: ndege hawa huimba usiku zaidi mahali ambapo mchana kuna kelele nyingi. Makelele ya magari yanamfunika mchana, basi anangoja sisi tulale ndipo asikike. Na wakati wa baridi jike naye huimba, kwa kuwa kila mmoja, dume kwa jike, analinda mahali pake pekee yake. Siku hizi nikishuka kwenye basi nasimama dakika mbili kumsikiliza kabla sijatia ufunguo mlangoni.

Jumapili, 5 Januari

Theluji!

Ilianza jana usiku nikiwa kazini. Mabasi yakasimama, nikatembea kilomita tano kurudi, zote za kupanda, na sehemu za mwisho nilishika kuta za watu. Nilipofika, ukuta wetu ulikuwa umebeba theluji sentimita kumi na nne. Nimeipima kwa rula ya shule. Sauti ya mji yote ilikuwa imemezwa: hakuna gari, hakuna treni, ni kama mtu ametandika godoro juu ya vilima.

Sikulala. Nimekaa jikoni na binti yangu na daftari, na nitaandika kila kitu kilivyokuwa kwa sababu sijawahi kuona bustani hii hivi.

Saa mbili kasorobo, bado giza, Kidari alikuwa tayari juu ya mpini wa koleo. Alijitunisha manyoya mpaka akawa duara. Ndege mdogo anaweza kupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake usiku mmoja wa baridi kwa kujipasha moto tu, na mchana wa kulirudisha lile lililopotea, majira haya, una urefu wa saa nane tu. Ndiyo maana hakuogopa nilipotoka. Niliondoa theluji kwenye vyombo, nikavunja barafu kwenye sinia la maji, nikamwaga shahamu na zabibu kavu chini. Alikuja miguuni nikiwa bado nimeinama.

Saa mbili na nusu wakaja wenye kofia ya bluu na tumbo la manjano. Hawa tumewaita Kofia-bluu. Mmoja anachukua mbegu moja, anaruka nayo tawini, anaibana kwa miguu, anaidonoa; anayemfuata keshafika. Kisha chiriku wenye uso mwekundu, sita, wakashika chombo cha mbegu nyeusi nyembamba, zile zinazolimwa Ethiopia na India. Nilimwambia binti yangu kwamba Ethiopia ni jirani wa Kenya. Akasema, "Kwa hiyo wanakula chakula cha kwetu."

Kwenye tufaha lililooza la tuta la juu walitua ndege wanne nisiowajua, kama kinega wenye madoa kifuani na mstari mweupe juu ya jicho. Mmoja akanyoosha bawa, tukaona kwapa lake: jekundu kama damu. Hawa huja kutoka Skandinavia na Aislandi kukimbia baridi kali zaidi ya hii, na kwa kawaida hukaa mashambani. Theluji ikifunika mashamba ya juu, wanashuka bustanini. Binti yangu aliandika jina mwenyewe bila kuniuliza: Kwapa-jekundu.

Halafu, karibu saa nne, likaja lile ambalo sitalisahau. Tulisikia kwanza sauti nyembamba nyingi, kama vioo vidogo vinagongana. Kisha mti wa jirani ukajaa. Vidonge vya manyoya meupe na ya waridi, mwili kama kokwa ya jozi, mkia mrefu kupita mwili wenyewe. Walivamia shahamu yote kwa pamoja, wamening'inia kichwa chini, mikia imechomoza kila upande. Mwili wa mviringo, mkia mrefu umenyooka.

"Mama, vijiko!" binti yangu akapiga kelele. "Vijiko vinane!"

Walikaa dakika nne. Wakaondoka mmojammoja kwa mstari, kila mmoja akimwita wa nyuma yake.

Jumatatu, 6 Januari

Shule zimefungwa. Nimesafisha njia yangu na ya mzee. Nikifagia tuta la pili nimekuta kwamba jiwe tulilokuwa tukilikanyaga kama ngazi ni nusu ya duara, na katikati ya upande ulionyooka kuna nusu ya tundu la mraba. Miaka tisa nimepita juu yake na magunia ya taka.

Nilimwita mzee. Aliangalia muda, akavua glavu, akapitisha kiganja kwenye ukingo. Ni jiwe la kunolea. Mtu wa zamani alilileta hapa lilipovunjika, likawa ngazi. Baba wa mzee huyu alikuwa mnoaji wa visu. Wanoaji walikaa wamepanda kiti cha mbao, wameinama juu ya jiwe linalozunguka, na vumbi la jiwe na chuma likiingia kifuani. Walionoa kwa maji walipata nafuu kidogo. Walionoa kwa ukavu, hasa wa uma, katika karne ya 19 wengi walikufa wakiwa na miaka thelathini na kitu. Mzee alisema anakumbuka kikohozi cha baba yake kuliko sauti yake.

Binti yangu, ambaye amemzoea, akamsimulia habari za jana: ndege wenye mikia mirefu, na kwamba kwa Kiswahili sasa wanaitwa vijiko. Mzee akanyamaza. Akaingia ndani. Nilidhani tumemkosea. Alirudi na kijiko kimoja cha chai kimefungwa kwenye kitambaa cha flaneli. Mkewe, aliyefariki miaka sita iliyopita, alifanya kazi ya kusugua vijiko na uma viwandani tangu alipokuwa na miaka kumi na tano. Wasichana wale walijifunga karatasi ya kaki kuanzia kifuani mpaka magotini na kitambaa chekundu kichwani, maana uchafu wa mashine uliruka kila mahali. Kijiko hiki alikipitisha yeye mwenyewe kwenye gurudumu siku ya mwisho kabla hajaacha kazi. Mzee alikiinua juu, mpini ukiangalia mbinguni, akakitazama, akasema ni kweli, ndivyo walivyo.

Nimeliacha jiwe mahali pake. Tumeweka tufaha lililokatwa juu yake kwa ajili ya ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano, ambaye hapendi kuning'inia na anakula chini.

Jumamosi, 11 Januari

Theluji imebaki kwenye vivuli tu. Darasa lilikuwa na kelele kuliko siku zote, kila mtoto na habari yake. Mtoto aliyeandika "vijiko vinane" ubaoni alikuwa binti yangu. Mvulana wa miaka saba, wa familia ya Goma, anayesema Kiswahili kwa taabu na mara nyingi hunyamaza kipindi kizima, akainua mkono. Akasema si vinane. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Hawa wako hai. Vijiko wanane."

Nilifuta ubao nikaandika alivyosema: *Vijiko wanane wamekuja. Kijiko mmoja amelala.* Watoto wakacheka kwa furaha, wakaanza kutunga zao: kijiko wangu anaimba, vijiko wenu wana njaa. Nimefundisha ngeli kwa miaka mingi na sijawahi kuliona somo likiingia hivi. Neno lilelile la kabatini. Lilipovishwa *wa-* likaruka.

Jumapili, 19 Januari

Usafi. Vyombo vyote vimeoshwa kwa maji ya moto na dawa, vikakaushwa kabisa. Hili halina mjadala na nimewaandikia wazazi wote: kila wiki. Tangu mwaka 2006 hivi kuna ugonjwa wa koo unaoenezwa kwa mate kwenye chakula na maji, na umewapunguza mno chiriku wa kijani nchini Uingereza. Ukiona ndege amejikunyata, amevimba, hawezi kumeza, toa chakula chote, kwa majuma kadhaa, ili watawanyike. Chombo kichafu ni afadhali kisiwepo.

Jumapili, 26 Januari

Siku ya kuhesabu. Kila mwaka, wikendi ya mwisho ya Januari, RSPB, shirika la kulinda ndege, huwaomba watu wa Uingereza wakae saa moja na kuhesabu ndege wa bustani zao. Ilianza mwaka 1979 kama kazi ya watoto, na sasa wanaoshiriki ni zaidi ya nusu milioni. Kanuni ni moja na lazima ishikwe: huandiki jumla ya walioingia na kutoka, unaandika idadi kubwa kabisa ya aina moja uliyoiona kwa wakati mmoja. La sivyo Kofia-bluu mmoja mwenye haraka atahesabiwa mara arobaini.

Familia tisa kati ya kumi na moja zimehesabu. Kwetu: shomoro saba, Kofia-bluu wanne, chiriku uso-mwekundu watano, njiwa watatu, ndege mweusi wawili, kunguru wa mkia mrefu mmoja, vidari wawili. Vijiko hawakuja, na binti yangu alitaka kuwaandika hata hivyo. Tumezungumza kwa upole kwa nini haiwezekani.

Hao vidari wawili ndio habari. Desemba walikuwa wakifukuzana mpaka mmoja avuke ukuta. Leo wamekula mita moja mmoja kwa mwenzake. Mwishoni mwa Januari huanza kuvumiliana, wapate kujenga pamoja.

Familia moja inayokaa ghorofa ya tisa, bila bustani, ilihesabu kwa dirisha na ikaandika kozi mmoja, yule ndege mwindaji. Wengine walishuku. Lakini kwenye mnara wa St George's, kanisa la zamani ambalo sasa ni mali ya chuo kikuu, kozi wamekuwa wakizaa tangu mwaka 2012 ndani ya sanduku waliloandaliwa. Nimeikubali hesabu.

Jumamosi, 22 Februari

Darasa limetoka nje. Tumekwenda Endcliffe Park, kwa sababu ya tarehe. Siku kama hii mwaka 1944 ndege ya kivita ya Marekani, B-17 iliyoitwa Mi Amigo, ilianguka kwenye mteremko wa miti pale ikitoka vitani na uharibifu mkubwa. Wanajeshi wote kumi walikufa. Watoto wamesoma majina yao kwenye jiwe la kumbukumbu, polepole, kwa sauti. Maua yalikuwa mengi.

Kutoka hapo tumefuata mto Porter kwenda juu mpaka Shepherd Wheel, karakana ya wanoaji inayoendeshwa na gurudumu la maji. Mahali hapo panatajwa kwenye maandishi ya mwaka 1566. Ndani ni giza, baridi, mawe ya kunolea yamepangwa kwa safu, na viti vyao. Mvulana wa Goma alitambua jiwe kabla yangu: "Ngazi ya kwa mwalimu!" Kwenye kabati kulikuwa na visu, na nilieleza kwamba mafundi wa mji huu walitumia sana pembe za ndovu kwa mipini. Baba mmoja, mtu wa Pangani, alisogea karibu na kioo. Katika karne ya 19 Unguja ndiyo iliyokuwa soko kuu la pembe Afrika Mashariki, na misafara iliishia kwao Pangani na Bagamoyo, watu wakiwa wamebeba pembe mabegani kwa miezi. Aliwaambia watoto hayo yote kwa utaratibu, na hakuna aliyemkatiza.

Nje, chini ya daraja, ndege mnene wa kahawia mwenye kifua cheupe alisimama juu ya jiwe akichuchumaa na kuinuka, kisha akaingia majini akatembea chini ya maji. Watoto kumi na mmoja walinyamaza kwa pamoja. Jina lake limepatikana papo hapo: Mzamiaji.

Jumapili, 16 Machi

Daftari lina kurasa ishirini na tatu zilizokamilika. Majina kumi na manne tumetunga sisi, mengine ni ya Kiswahili tangu zamani. Nakala ya kwanza imekwenda kwa mzee. Watoto wanne walimpelekea, wakamwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia "Marahaba," kwa sababu nimemfundisha na hasahau. Alifungua moja kwa moja ukurasa wa vijiko.

Kazi iliyobaki. Mwanzoni mwa Mei watafika teleka, wale weusi wenye mabawa kama mundu wanaopiga kelele juu ya mapaa. Wakati huu wako Afrika, wengi wao bonde la Kongo; wakija huku huzaa kwenye matundu ya nyumba za mawe za zamani kama zetu. Nyumba tatu mtaani zimekarabatiwa mwaka jana na matundu yote yamezibwa. Mzee amepata mbao. Amechora tundu kwa penseli, milimita 65 kwa 28, na ameniambia nilete msumeno Jumamosi, nije na mvulana wa Goma.